MREJESHO: Nyimbo nyepesi za roki ya Kijapani kwa karaoke

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa nyimbo rahisi za bendi za roki za Kijapani, maana wenzangu wa kazini hapa Osaka walinialika karaoke. Asanteni sana. Aliyenitajia "Linda Linda" ya The Blue Hearts, ya 1987, Mungu akubariki! Inaanza taratibu, kisha kiitikio ni neno lilelile, chumba kizima kikaruka nami. "Robinson" ya Spitz ilinishinda: nilishusha ki (kimo cha sauti ya wimbo) mara tatu kwenye rimoti, bado kiitikio kikanikaba koo, nikamwachia mwenzangu amalizie. Furigana, zile herufi ndogo za matamshi zinazokaa kwenye skrini juu ya kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina), zilinibeba kweli. Anayesoma hiragana, zile herufi za msingi za Kijapani zinazoandika sauti, hapotei. Ijumaa tunarudi tena.