Fuko kwenye waru za Mama Chebet

Kikundi: Majirani wa Bahati, Nakuru

Jumamosi

[17:12] Mama Chebet: Majirani hamjambo. Fuko amenimaliza. Nimehesabu vilima kumi na viwili vya udongo tangu mvua ianze, na mstari mzima wa viazi umenyauka. Ukishika shina linakuja lenyewe, chini hamna kitu. Nani amebakisha sumu ya panya nitie mashimoni?

[17:15] Baba Wanja: Pole sana mama. Sumu tafadhali usitie. Mnamkumbuka mbwa wangu mwaka jana?

[17:16] Mama Tito: Si alipona?

[17:24] Baba Wanja: Alipona kwa shida. Mimi ndiye niliyetia sumu shimoni. Ile haiui papo hapo, inazuia damu kuganda, na mnyama anazunguka nayo siku kadhaa akilegea. Mbwa akamfukua fuko, akamla. Baada ya siku nne ufizi ukapauka, damu ikawa inamtoka puani haikatiki. Daktari wa mifugo alimdunga vitamini K1, halafu tukampa vidonge karibu mwezi mzima. Wanja alikuwa anakataa kuingia ndani kulala. Sitatia tena sumu kwenye udongo wangu.

[17:27] Mama Chebet: Hilo sikulijua, na mimi nina paka na watoto wadogo. Lakini nikae nikitazama shamba linaliwa? Karo inatoka hapo hapo.

[17:35] Shosho: Mwanangu, hao si wengi. Fuko mkubwa anaishi peke yake. Vilima kumi na viwili, mwenyewe anaweza kuwa mmoja tu. Tafuta kilima kibichi, fungua njia yake kwa jembe, mwanga na upepo uingie. Hapendi kabisa. Atarudi kuziba.

[17:36] Tito: Na akirudi shosho?

[17:44] Shosho: Unamngoja. Kaa kimya, usikanyagekanyage, miguu anaisikia kupitia ardhi. Ukiona udongo unasukumwa, piga jembe nyuma yake ukate njia, kisha umzoe pamoja na udongo wake utie kwenye debe. Debe la bati, maana yale meno ya njano yanatoboa plastiki. Na vaa glavu nene, anauma sana. Babu yenu alikuwa anatega kwa fimbo na kamba, lakini kamba inamnyonga. Hii ya debe haimuumizi.

[17:46] Mama Tito: Halafu tumpeleke wapi? Tusimtupe kwa shamba la mwenzetu.

[17:47] Baba Wanja: Kule korongoni kwenye majani, hakuna aliyelima. Nitampeleka kwa pikipiki.

[17:50] Mama Tito: Mimi kwenye karoti nilitandika waya wa kuku chini ya tuta kabla ya kujaza udongo. Msimu wa pili huu, hata moja haijaguswa. Shamba zima ni gharama, lakini bustani ya jikoni inawezekana. Jambo lingine, kuna bundi anapiga kelele kwenye grevilea yangu kila usiku. Watu wananiambia nimfukuze, eti analeta msiba.

[18:02] Mwalimu: Mama Tito nakuomba umwache. Asubuhi tazama chini ya huo mti utaona mabonge ya kijivu, ni manyoya na mifupa anayotapika. Tulivunja moja darasani tukapata mafuvu matatu ya panya, meno yote yapo. Na yule mwewe wa tumbo jeupe na mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo za stima, huyo anawinda fuko hasa. Sumu ikiwa ndani ya fuko, ni yeye na watoto wake wataila.

[18:05] Mama Tito: Basi hafukuzwi.

[18:31] Mama Chebet: Nimefungua njia kwenye kilima cha karibu na majani ya nepia. Ndani pamelainika kama ukuta uliosiribwa. Nimeweka kijiti niijue asubuhi.

Jumapili

[06:41] Mama Chebet: Shimo limezibwa! Udongo bado mbichi, kijiti kimeangushwa. Nimelifungua tena na nimekaa na jembe hatua chache kutoka hapo. Shosho, debe.

[06:43] Shosho: Nakuja. Nitavua viatu pale kwa geti. Usisogee.