Naomba ushauri: lori la zamani, stata inapiga ikijisikia

Wakuu habari za saa hizi. Nina kigari cha tani 3 na nusu, dizeli, volti 24, cha miaka ya 90, nabebea nyanya kutoka Ilula kwenda Dar. Asubuhi kikiwa cha baridi kinapiga stata freshi kabisa, shida nikitembea mwendo mrefu alafu nikazima sheli, nikigeuza swichi nasikia "ka" moja tu kimya, na taa za dashibodi zinawaka vizuri wala hazififii. Kikipoa kinawaka kama hakijawahi kuumwa.

Betri zote mbili nimepima, kila moja volti 12.6, vichwa nimesafisha. Fundi umeme kasema nitupe stata ninunue ya yadi, mi nikagoma kwanza maana ingekuwa imekufa si ingegoma hata asubuhi? Ila utingo akiigonga ubavuni na spana kuna muda inakubali, ndo nahisi kaboni (zile brashi za ndani ya stata) zimeisha au solenoidi (ile swichi ya umeme ya kwenye stata) ikishika moto inachoka. Fundi mwingine yeye kakomaa na waya wa athi (wa kurudisha umeme kwenye betri) wa injini kwenda chesisi.

Sasa ikigoma tena nataka nipime ule waya mwembamba wa solenoidi wakati mtu anageuza swichi, ikisoma kama 24 si naachana na swichi na relei nahamia kwenye stata na nyaya nene? Na kaboni tupu Kariakoo zinapatikana au lazima stata nzima? Wale wa "uza hilo" mnisamehe tu, bado nalilipia mkopo.