Karakana ya Dodoma iliyonitengenezea rampu ya mbwa mzee iliyomwangusha siku ya kwanza

Wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki tatu zilizopita Popi, mbwa wangu wa miaka 13, aliteleza kwenye rampu ya chuma, yaani bamba la mteremko la kupandia garini, niliyoilipia shilingi 280,000 katika karakana moja hapa Dodoma, akaangukia ubavu kwenye changarawe, na tangu siku hiyo anapotembea mguu wake wa nyuma wa kushoto unaburuza kucha chini. Jina la karakana sitaliweka hapa kwa sababu bado tunadaiana, lakini waliofanya kazi hiyo watajitambua.

Mimi na mzee wangu tulipostaafu tulinunua Coaster kuukuu, tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na sasa tukienda Kondoa, Singida au kwa ndugu zetu Mpwapwa tunalala humo humo. Popi husafiri nasi. Ni mbwa mdogo wa kilo 9, mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, na mbwa wa umbo hilo diski za uti wa mgongo hukakamaa mapema, kiasi kwamba kuruka mara moja tu kutoka mahali pa juu kunaweza kuipasua diski, ikabana neva, na miguu ya nyuma ikapooza. Zamani alikuwa akiingia garini kabla yetu. Tangu mwaka jana alianza kusimama mlangoni, anainua mguu mmoja wa mbele, anaurudisha chini, kisha ananitazama. Tukawa tunambeba, lakini mzee wangu naye ana maumivu ya mgongo, na ndiyo maana tuliamua kutafuta fundi.

Nilikwenda karakana na gari lenyewe na mbwa mwenyewe. Fundi mkuu alipima kwa futi yake kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango wa nyuma, akapata sentimita 78, akaandika kwenye karatasi mbele yangu. Nikamweleza kwamba mbwa ni mzee, kwamba miguu ya nyuma imepungua nguvu na kwamba anaogopa kitu kinachotikisika. Akaniambia, “Mama, usiwe na wasiwasi, hii kazi ndogo.” Nililipa nusu siku ile, na nusu nyingine siku ya kuchukua kazi, kabla sijaona kitu kilichofunikwa kwa turubai kule nyuma. Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo tu.

Walichonitolea ni bamba la chuma tupu lenye urefu wa sentimita 140 na upana wa sentimita 25, lisilo na ukingo pembeni, lisilo na zulia wala mpira juu yake, na lenye ndoano mbili zilizoning'inia ovyo kwenye kizingiti cha mlango. Sasa fanyeni hesabu ambayo fundi hakuifanya. Ukiegemeza bamba la sentimita 140 kwenye kimo cha sentimita 78, mwinuko wake ni kama nyuzi 34. Huo ni mwinuko wa paa la nyumba. Mbwa mdogo au mzee anahitaji nyuzi 18 hadi 20 hivi, na kwa kimo cha gari letu maana yake ni rampu ya sentimita 230 hadi 250. Urefu huo ukionekana mkubwa mno kubebwa, rampu hukatwa katikati na kutiwa bawaba ili ikunjwe, na chini ya bawaba huwekwa mguu wa kuizuia isibonyee. Hakuna ufundi wa ajabu hapo. Nina hakika fundi yule anajua kupima mwinuko, kwa sababu uani kwake palikuwa na ngazi nzuri kabisa aliyokuwa akimtengenezea mteja mwingine, ngazi ya binadamu.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua, na lile bamba lilikuwa limeanikwa kwa muda. Niliweka mgongo wa kiganja juu yake nikashindwa kuhesabu hadi tatu. Nikasema tungoje lipoe. Kabla sijamaliza, kijana mmoja wa karakana alikwisha kumsukuma Popi kwa nyuma. Alipanda hatua nne, nikasikia kucha zikikwangua chuma, miguu ya nyuma ikatawanyika huku na huku, akaanguka. Kijana yule yule akamwinua kwa miguu ya mbele, akining'inia, kama mbuzi anavyopakiwa kwenye gari siku ya mnada. Popi hakubweka, alitoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake kwa miaka 13. Mbwa mwenye mgongo mbovu habebwi hivyo: mkono mmoja hupita chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, na mgongo hukaa sawa kama ubao tangu anaponyanyuliwa hadi anapowekwa chini.

Nilipodai maelezo, fundi mkuu akajibu, “Ni mbwa tu, mama, atazoea.” Kisha akanishauri nimpe nusu kidonge cha diklofenaki. Nawaomba wote mnaosoma hapa msithubutu kufanya hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na kuhusu “mbwa tu”, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mbwa hakuachwa nje yake.

Daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi yuko kwenye mazizi ya ng'ombe, alimchunguza kwa utulivu ulionifariji. Alimsimamisha Popi, akaukunja unyayo wa nyuma ili sehemu ya juu iguse sakafu. Mguu wa kulia ulijirudisha papo hapo. Wa kushoto ulibaki umekunjwa hivyo hivyo, kana kwamba si wake. Ameagiza wiki nne za kukaa kwenye kizimba kidogo, kutoka nje kwa haja tu, na hata hapo kwa kushikiliwa na khanga iliyopitishwa chini ya tumbo.

Wakati huo huo seremala wa mtaani kwetu Chang'ombe ametutengenezea rampu nyingine kwa mbao nyepesi na plaiwudi: urefu sentimita 240, upana 40, vizuizi vya sentimita 5 pembeni, zulia gumu lililogongwa misumari kingoni, na mkanda wa kuifunga kwenye fremu ya mlango isisogee. Alikuja nyumbani mara mbili kumwangalia mbwa kabla ya kukata ubao wa kwanza. Popi akiruhusiwa kutoka kizimbani tutailaza kwanza chini uani atembee juu yake kwa vipande vya nyama, baadaye tutaiegemeza kwenye kizingiti cha jikoni, na garini itakuwa mwisho kabisa. Na kushuka tutamfundisha peke yake, kwa sababu mbwa mzee huogopa kushuka kuliko kupanda.

Ninachodai karakana ile ni shilingi 280,000 zangu zote, pamoja na gharama za daktari, ambazo risiti zake ninazo. Jibu lao hadi jana ni kwamba kazi imeshafanyika na chuma kimeshakatwa. Chuma chao nimekirudisha, kiko getini kwao tangu Jumatatu. Nimeambiwa kuna wateja wengine wawili wenye magari ya kulala ambao wameagiza rampu kama yangu pale pale. Kama wewe ni mmoja wao, nenda na futi yako, uipime kabla hujalipa nusu iliyobaki, na uniandikie hapa urefu uliopata.