Mafunzo ya wauguzi wanaowachunguza manusura wa ubakaji: jimbo lipange vipi fedha na usimamizi?

Mratibu wa Afya

Wanajukwaa, salaam. Niko Marekani, katika idara ya afya ya jimbo lenye kaunti nyingi za vijijini, na nimekabidhiwa kuandika mapendekezo ya bajeti ya miaka mitatu ya kufundisha wauguzi wanaowachunguza manusura wa ubakaji na kukusanya ushahidi. Hospitali zetu nyingi hazina hata muuguzi mmoja mwenye mafunzo hayo, hivyo manusura anayefika usiku huelekezwa hospitali nyingine iliyo mbali, na wapo wanaokata tamaa wakarudi nyumbani. Rasimu iliyoletwa mezani inatenga karibu fedha zote kwa darasa la saa 40, tena kwa kutegemea ruzuku za serikali ya shirikisho peke yake, na mambo yote mawili yananitia wasiwasi. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni vyanzo gani vinaweza kuubeba mpango huu bila kukatika, na fedha zigawanywe vipi ili tupate wachunguzi walioko zamu kweli, badala ya orodha ya waliohudhuria darasa.

Afisa Ruzuku

Ndugu Mratibu, nitajibu upande wa fedha. Ruzuku ya STOP, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1994 ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, inataja wazi mafunzo ya wachunguzi wa kitabibu kuwa miongoni mwa matumizi yanayoruhusiwa. Fahamu lakini kwamba fedha hizo huwa zimekwisha kugawanywa na sheria kabla hamjazigusa: angalau asilimia 25 ni za polisi, 25 za waendesha mashtaka, 30 za huduma kwa waathirika na 5 za mahakama, kwa hiyo uhuru wa jimbo umebaki kwenye asilimia 15. Hoja yenu yenye nguvu zaidi ni sharti lililoongezwa mwaka 2013, linalotaka asilimia 20 ya ruzuku ielekezwe kwenye miradi inayoshughulikia ukatili wa kingono kwa namna ya maana.

Chanzo cha pili ni mfuko wa waathirika wa uhalifu ulioundwa na sheria ya VOCA ya mwaka 1984. Mfuko huu hautokani na kodi ya wananchi. Hujazwa na faini na adhabu za kifedha katika kesi za shirikisho, na kwa sababu hiyo hupanda na kushuka kufuatana na kesi zinavyokwenda. Makusanyo yalipopungua sana, Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho mwezi Julai 2021 ili fedha za makubaliano ya kuahirisha au kuacha mashtaka (anazolipa mtuhumiwa bila kesi kufika hukumuni) nazo ziingie humo. Hata hivyo nisingethubutu kuweka mshahara wa mratibu wa jimbo juu ya mfuko wa aina hiyo. Mshahara huo, pamoja na posho za zamu, viombewe fungu la kudumu katika bajeti ya jimbo, na ruzuku zitumike kwa yale yanayoweza kuanza na kuisha: vifaa, wakufunzi wa muda, nauli za washiriki.

Gharama ya uchunguzi wenyewe itenganishwe kabisa na hesabu hizi. Jimbo linalopokea ruzuku ya STOP linapaswa kuhakikisha kwamba manusura halipii uchunguzi huo, wala halazimishwi kuripoti polisi ndipo achunguzwe. Nimeona bajeti ambamo mafungu hayo mawili yalichanganywa, na wakaguzi walipofika hakuna aliyeweza kueleza ni dola ipi ilifundisha nani.

Muuguzi Mkufunzi

Dada au kaka Mratibu, wasiwasi wako kuhusu darasa ni wa haki kabisa. Ripoti ya mwaka 2016 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilieleza habari ya jimbo moja lililofundisha wauguzi 540 katika miaka miwili, na mwisho wa miaka hiyo waliokuwa bado wanafanya kazi hiyo walikadiriwa kuwa 42 tu. Ningependa takwimu hiyo iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mapendekezo yako.

Saa 40 ni nadharia. Baada yake muuguzi anahitaji kufanya uchunguzi wa nyonga chini ya macho ya mlezi, yaani mchunguzi mzoefu anayemwelekeza, mpaka mikono yake itulie, kuona kesi za kweli, na kuhudhuria mahakama ili ajue atakavyohojiwa na wakili wa utetezi. Nikimfundisha mtu kufunga ushahidi, namsimamia hatua kwa hatua: kijiti cha pamba kikaushwe kwanza, kiingie kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu huozesha, bahasha isilambwe kwa ulimi, maana mate ya muuguzi yataingia kwenye ushahidi, kisha sahihi, tarehe na saa, na kisanduku kisitoke machoni pake mpaka kikabidhiwe kwa maandishi. Wakati huohuo kuna mtu kitandani anayetetemeka, ambaye lazima aulizwe ridhaa upya kabla ya kila hatua, na ambaye dawa yake ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Ustadi wa kushika yote hayo pamoja haupatikani kwenye slaidi.

Kwa hiyo tengeni fedha za kuwalipa walezi, za kulipa mtu wa kushika nafasi ya muuguzi aliyekwenda mafunzoni (bila hivyo msimamizi wa wodi hatamruhusu), za posho ya zamu ya kuitwa inayolingana na usiku anaoupoteza, na za ushauri nasaha kwa wauguzi wenyewe. Wengi huondoka kwa uchovu na upweke, wala si kwa kukosa moyo.

Mratibu wa Afya

Nawashukuru sana. Kwenye kaunti ambayo muuguzi anaweza kukaa miezi bila kupata kesi, ustadi huo atautunza vipi?

Muuguzi Mkufunzi

Msimwache peke yake. Massachusetts, ambako programu inaendeshwa na idara ya afya ya jimbo, wana huduma ya video inayomuunganisha muuguzi aliye na mgonjwa na mchunguzi mzoefu aliye mbali, anayemwongoza uchunguzi ukiendelea, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kwa mpango wenu, kituo kimoja cha jimbo chenye wachunguzi wa zamu saa 24 kinaweza kuhudumia hospitali nyingi ndogo, na wauguzi wa vijijini wakaitwa mara kwa mara kufanya mazoezi na wagonjwa wa kuigiza. Kabla ya kununua kamera yoyote, wekeni mkataba na kila hospitali unaosema ni nani anamlipa muuguzi akiwa zamu, ni nani anabeba bima ya kitaaluma, na ushahidi unahifadhiwa wapi iwapo manusura hajaamua kuripoti.

Afisa Ruzuku

Naongeza moja tu: mkataba huo utaje idadi ya wachunguzi walioko zamu kila robo mwaka, na hiyo ndiyo iwe taarifa mnayoipeleka kwa wafadhili na kwa bunge la jimbo. Idadi ya vyeti vilivyotolewa ibaki kwenye kiambatisho.