Dereva anayerudia kosa: elfu 30 inatosha, au anyang'anywe leseni?

Mwana wa Kabuku
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Mpwa wangu wa darasa la tatu amegongwa na basi la mkoani akiwa kwenye pundamilia, mbele ya shule, ndani ya kibao cha mwisho kilomita 50 kwa saa. Mguu umevunjika mara mbili. Kituoni konda mwenyewe kasema wiki hiyohiyo walikuwa wameandikiwa faini ya mwendo kasi. Ikalipwa elfu 30, safari ikaendelea. Sheria ya Usalama Barabarani hapa Tanzania tunayo tangu 1973, na mahakama ina uwezo wa kumfungia mtu leseni. Huku barabarani sisi tunaiona karatasi ya faini tu. Anayerudia kosa aendelee kulipa, au apumzishwe usukani? Na hao wanaowashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo, kwangu mimi wanashiriki kugonga watoto.

Suka wa Kaskazini
Pole sana kwa mtoto, Mungu amponye. Ila hilo neno lako la mwisho umenivunjia heshima. Miaka 19 niko kwenye usukani na taa nawasha kila siku. Nikiwasha namwambia mwenzangu apunguze. Akipunguza, aliyepona ni nani kama si huyohuyo mtoto?

Mama Genge
Anapunguza mpaka amvuke trafiki, baada ya hapo je? Mimi nauza machungwa Mkata, meza yangu iko ukingoni mwa lami, nakaa hapo tangu alfajiri. Gari lililowashiwa taa linakuja taratibu kama limebeba bibi harusi. Likishaipita ile sare nyeupe, injini inanguruma mpaka mfuniko wa sufuria unatetemeka. Sihitaji hata kugeuza shingo. Magari yakitembea kwa adabu najua trafiki yupo, yakianza kupeperusha kanga yangu najua kaondoka.

Fundi Breki
Mama kasema kweli, lakini na trafiki naye akae wazi. Kujibanza nyuma ya mwembe na tochi ni kuzuia ajali au ni kuvizia? Halafu kuna sehemu kibao cha kuanza 50 unakiona, cha kumaliza kimelala kwenye majani. Unatembea 50 kilomita nzima porini, ukichoka ukakanyaga, unaandikiwa.

Suka wa Kaskazini
Fundi, hapo umenisemea.

Mwana wa Kabuku
Jamani, mimi niliuliza kuhusu leseni. Kibao cha pale shuleni kimesimama wima, hakikulala.

Binti Korogwe
Mnabishana taa na mtoto yuko kitandani. Mwana wa Kabuku, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mmechukua? Namba ya bima ya basi mnayo? Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari linalotembea barabarani, na majeruhi kama huyo anaweza kudai fidia. Nimefanya kazi wodi ya mifupa. Mtoto wa umri huo analala chali wiki kadhaa, kamba mguuni, upande wa pili wa kamba kidumu cha maji kinaning'inia kuuvuta mfupa. Usiku anakuuliza lini atageuka ubavu. Familia nyingi hurudi nyumbani na elfu hamsini ya "pole" kutoka kwa wenye gari, wameshasaini karatasi ambayo hawakuisoma. Msisaini kitu.

Mwana wa Kabuku
PF3 tunayo. Kuna mtu alikuja jana na bahasha, shemeji akaikataa. Namba ya bima naifuata kesho asubuhi kituoni. Asante, dada yangu.

Kijana wa Kajiado
Huku Kenya tulishapita hapo. Februari 2004 waziri wa uchukuzi, John Michuki, alileta kanuni zake: mikanda kwa abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mstari wa manjano kwenye matatu. Wenye magari waligoma na akakataa kulegea. Watu walifunga mikanda. Usimamizi ulipolegea, mazoea yakarudi. Kwa hivyo msihangaike na kiwango cha faini, angalieni nani atasimamia.

Fundi Breki
Sasa tumefika Nairobi.

Mwanafunzi wa Sheria
Kijana ana hoja, msimfukuze. Mimi la kwangu ni moja. Pita Mikumi, barabara inapokatiza hifadhi ya wanyama, usome ubao wa faini za kugonga wanyama. Ukigonga twiga unadaiwa maelfu ya dola. Ukipita mbele ya shule kwa kasi, elfu 30 za kwetu. Na kwa mwendo wa 100 gari linakula mita 28 kwa sekunde moja. Mtoto anavukaje hapo?

Suka wa Kaskazini
Hiyo elfu 30 mnayoidharau mnadhani anatoa tajiri? Inakatwa kwenye posho yangu. Nikichelewa Segera dakika 20 simu inalia, na abiria nyuma wanapiga kelele, "Dereva, tunalala njiani?" Basi langu lina kifaa cha kuripoti mwendo, nikizidisha 80 na ushee kinapiga kelele. Kunifungia leseni ni kufunga jiko la nyumba nzima.

Mwana wa Kabuku
Na kijijini, kwenye kibao cha 50, ukiwa 75 kifaa kinasemaje?

Suka wa Kaskazini
Kinanyamaza.

Mwana wa Kabuku
Kaka, nakuuliza kwa heshima. Ukishawashiwa taa, ukampita trafiki, wewe mwenyewe unafanya nini?

Suka wa Kaskazini
Sitakudanganya. Nakanyaga. Zile dakika nilizopoteza nazitafuta hapohapo mbele.

Mama Genge
Mkata unapita saa ngapi, mwanangu?

Suka wa Kaskazini
Nikitoka Dar saa kumi na mbili, nakuwa hapo kwenye saa nne.

Mama Genge
Saa nne watoto wanatoka mapumziko. Wanavuka kuja kwangu kununua machungwa ya kukata, wengine wana shilingi mia mkononi na macho yao yako kwenye meza yangu. Kesho nitasimama pale kivukoni na kanga nyekundu. Uniangalie.