Wa darasa la pili anakariri badala ya kusoma, nimsaidieje?

Mama Kulwa: Habari za jioni wakuu. Kijana wangu kitabu cha shule anakitiririsha bila kukwama. Juzi nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno la katikati, "kikombe". Kimya. Kumbe ukurasa mzima upo kichwani! Herufi anazitaja zote. Baba yake anataka tuisheni. Nyie mlifanyaje?

Ticha wa Awali: Muulize m na a zikikaa pamoja zinasemaje. Akijibu "me-a", ana majina ya herufi, sauti hana. Anza na m, s, l, maana sauti zake zinavutika: mmmma, ssssa. B na k hazivutiki, zije baadaye. Akishazishika zote, kata boksi la sabuni, andika ma, ta, ka, la kwa herufi ndogo kama za kitabuni, apange mwenyewe: kata, taka, lala. Halafu mtegee neno lisilo na maana, "talaka" analijua, mpe "takala". Hapo hakuna cha kukariri. Mb, nd, ny zisubiri, ng' iwe ya mwisho kabisa. Dakika kumi kwa siku zinatosha, akianza kupiga miayo funga.

Mzee wa Kazi: Fimbo tu. Sisi tulisomaje?

Ticha wa Awali: Mzee wangu, fimbo ndiyo inayomfanya akariri haraka ili asichapwe.

Bi Shani: Anasoma inglishi midiamu? Wangu "kiti" alikuwa anaisoma "kaiti". Irabu tano za Kiswahili zishike kwanza, hazibadiliki sauti popote.

Baba Wawili: Tuisheni ya kurundikana sebuleni kwa mtu ni darasa lilelile, ila unalipia. Wangu nilimfundishia kwenye vibao vya daladala. Tandika, Buguruni, alizimaliza upesi, Gongo la Mboto ikatutesa! Vitabu vya kusomea viko bure Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), pakua vya darasa la kwanza hata kama yeye ni la pili. Usimwambie ni vya la kwanza.

Mama Kulwa: Bi Shani, ni shule ya serikali, ya Kiswahili. Ticha, nimemuuliza sasa hivi: "me-a". Boksi ninalo. Huu uzi nampa na baba yake ausome.