Eti mimi ndo mbeba mabegi!! Wakuu yule jamaa leo kanivunjia heshima Essen mbele za watu

Wakuu salaam, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa michango ya harusi, hili ni jambo lingine kabisa. Ndo kwanza nimeingia ndani, viatu sijavua, mabega yanawaka moto, naandika hivi hivi.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji jina, ila sisi tulioko huku Ruhr, Ujerumani, wote tunamjua, yule ambaye kila shughuli lazima ajipe uenyekiti, yule aliyeondoka na ndoo ya kachumbari kwenye nyama choma ya kiangazi, ndoo yenyewe ya kuazima. Huyo huyo.

Leo tumeenda wanne kwenye maonyesho ya SPIEL pale Messe Essen. Kwa asiyejua, hayo ndo maonyesho makubwa ya magemu ya mezani, yapo tangu 1983, kila Oktoba, siku nne, 2024 peke yake waliingia zaidi ya watu 200,000. Siyo mambo ya kompyuta, ni bodi, karata, dadu na vimbao, ukumbi hadi ukumbi, watu na mabegi makubwa ya bluu wanabeba maboksi kama wanahama nyumba. Mimi nilianza na gemu la Catan, lile la 1995, nipe kondoo nikupe tofali, nikanogewa, na wazo la kwenda lilikuwa LANGU. Tiketi za wote wanne nimekata mimi onlaini, pesa za wawili mpaka leo hazijarudi lakini hayo tuyaache. Kuna gemu moja jipya nimeangalia video za kanuni zake wiki mbili kila usiku baada ya shifti, mke wangu shahidi, alifikia hatua ananiuliza hivi unasomea udereva?

Basi tukapanda treni Dortmund, Essen tukaingia treni ya mjini U11, na leo jumamosi, mle ndani tumebanana mpaka nikawa napumulia kwenye koti la mzee wa kijerumani. Tumefika. Lile gemu meza ziko chache na hakuna kuandikisha jina, unasimama nyuma ya meza unavizia waliokaa wamalize. Tukasimama saa nzima na nusu. Hao wengine walikuwa wanatoroka kwenda kula soseji za kari wanarudi, mimi nilisimama pale kama mlingoti kulinda nafasi.

Meza ikafunguka. Viti vinne, sisi wanne. Akaja yule kijana wa kuelekeza kanuni, Wajerumani wanawaita dubu wa maelezo, mpole kabisa, akauliza mko wangapi. Mimi nimeshavuta kiti, mkono uko kwenye kiti wakuu, MKONO UKO KWENYE KITI, jamaa akajibu kwa kijerumani chake kile cha mdomo wa mbele, "Tuko watatu, huyu anatushikia mabegi tu."

Anatushikia. Mabegi. Tu.

Halafu akageuka akamwita dada mmoja aliyekuwa anapiga naye stori wakati mimi navizia meza, karibu kaa hapa kuna nafasi. Kwenye kiti changu. Na kile kitambo nimeduwaa naona begi la kwanza linatua begani, la pili, la tatu limewekwa miguuni kwangu, na yule dubu ananitabasamia kwa huruma ananionyesha ukutani eti pale kuna sehemu nzuri ya kusimama.

Wamecheza saa mbili. Kanuni wanakosea! Jamaa anahesabu pointi mara mbili mimi naona kwa macho yangu, nikisema hapo siyo hivyo ananiambia kaka angalia mabegi. Angalia mabegi! Mtu aliyekata tiketi! Mtu anayejua kile kitabu cha kanuni mpaka ukurasa wa nyuma ulioandikwa anwani ya kiwanda!

Wale wengine wawili nao kimya kama wamemwagiwa gundi. Mmoja nimekaa naye chumba kimoja miaka mitatu.

Sasa mbaya zaidi. Naingia kwenye treni nafungua simu, katupia picha kwenye grupu, "Timu yetu Essen", watu wanabonyeza mioyo. Nimeikuza ile picha. Mimi sipo. Pembeni kulia kuna mkono tu, umekatwa kwenye kiwiko, na kamba ya begi la bluu. Ni mkono wangu, saa yangu ile yenye kioo kilichopasuka inaonekana. Ndo nafasi yangu kwenye timu, mkono wa kubebea.

Nauliza wakuu, mtu kama huyu unamfanyaje? Maana kumsamehe sitamsamehe. Anatushikia mabegi tu!!

Kokotoa:
Nimekaa paleee na karanga zangu. Uzi bila picha haujakamilika mkuu, tupia huo mkono tuuone.

MamaWawili_Bonn:
Jamani huyo namjua, ndo huyo huyo. Alikuja kwenye sherehe ya arobaini ya kuzaliwa mwanangu akajifanya MC hakuna aliyempa maiki. Pole sana kaka.

Fundi Nyumba:
Mleta mada mbona mabegi uliyashika sasa? Si ungeyaweka chini ukaondoka? Umesimama saa mbili na mzigo kama punda wa Lamu halafu unakuja kulia huku.

Mleta mada:
@Fundi Nyumba humo ndani mlikuwa na begi langu pia, na maboksi mawili ya magemu niliyonunua kwa hela yangu! Ningeyaacha wapi kwenye umati ule? Na siyo kulia, nimedhalilishwa. Mkono ulikuwa kwenye kiti.

Kokotoa:
Mkono ulikuwa kwenye kiti 😂😂 mkuu huo mkono una safari ndefu, mara kwenye kiti mara kwenye picha.

Chai Ya Rangi:
Hii chai. Watu wazima wanapanda treni kwenda kucheza dadu? Rudi nyumbani tukufundishe bao, mashimo 32 kete 64, hakuna dubu wala nyani wa kukuelekeza.

Fundi Nyumba:
@Chai Ya Rangi usiguse bao hapo, maana mimi nina langu rohoni. Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, yaani wote wa mtaa ule mnamjua, ukila kete ukasambaza ukaangukia kwenye nyumba yako, lile shimo la pembe nne, anakulazimisha uendelee kusafiri, yaani uzichote kete zake usambaze tena. Nalazimishwaje? Ukiwa kwenye mtaji, yaani umekula kete, kulala hapo hapo ni hiari yangu! Ananivunjia nyumba yangu mwenyewe kwa ubabe halafu watu wanamchekea kwa vile yeye ndo mwenye bao na mwenye benchi.

Babu Kete:
Fundi hapo una haki. Mwenye mtaji anachagua, alale au asafiri. Anayetakata, yaani anayesambaza bila kula, ndo hana la kuchagua, akifika nyumbani ameshafika. Huyo mzee wako anawaonea.

Fundi Nyumba:
Asante mzee wangu! Miezi minne nasema hivyo naonekana mkorofi!

Mleta mada:
Wakuu turudi kwenye mada. Amenipigia simu sasa hivi. Nimepokea nikidhani anaomba radhi, anauliza eti lile begi la kijani nimefika nalo salama?

MamaWawili_Bonn:
Astaghfirullah. Mwambie limepotea.

Kokotoa:
Kumbe kweli ulikuwa unawashikia mabegi 😂😂😂

Sultani wa Drafti:
Bao lina nafuu. Njooni kwenye drafti muone wizi. Pale stendi kuna jamaa anacheza na visoda, vyake vya bluu vya mpinzani vyekundu, ukienda kupokea simu ukirudi kisoda chako kimoja hakipo, ukimuuliza anakwambia ulishaliwa. Mimi nimelipishwa soda za watu sita kwa ujinga huo. Halafu kete ya kawaida akitaka inakula nyuma, mimi nikitaka haili nyuma.

Chai Ya Rangi:
Haili nyuma ndugu. Kingi ndo anakula nyuma.

Sultani wa Drafti:
Kwetu inakula. Tangu nazaliwa inakula.

Chai Ya Rangi:
Kwenu wapi huko?

Babu Kete:
Nyie makubaliano mnafanya kabla ya kupanga kete. Mimi nimeona watu wamekimbizana na benchi kwa jambo hilo hilo.

Mleta mada:
Jamani drafti ina uzi wake. Mimi nauliza nimfanye nini huyu mtu, begi lake liko hapa mlangoni kwangu, nimeliangalia, mle ndani mna lile gemu. Kalinunua. LILE GEMU. Bado limefungwa nailoni.

Fundi Nyumba:
Fungua ucheze.

MamaWawili_Bonn:
Usifungue kaka, atakuja kusema umemwibia, namjua yule.

Sultani wa Drafti:
@Chai Ya Rangi kwetu Tanga.

Chai Ya Rangi:
Hata Tanga haili nyuma, mjomba wangu yuko Tanga.

Poda ya Keram:
Mimi wa kwangu tunacheza keram, anamwaga poda upande wake tu wa bodi. Niseme au nikae kimya?

Sultani wa Drafti:
Sema mkuu, anzia mwanzo kabisa.

Mleta mada:
Ameshafika chini, anabonyeza kengele. Sifungui.

Poda ya Keram:
Basi ilikuwa hivi, ijumaa baada ya swala tumekaa watu wanne...